Siku Mama Zipu Alipolimwaga Shanta Lake

Mama Zipu akitaka kulipima hema, hulisimamisha uani nyuma ya ghala, akaingia ndani na kikombe cha chai, akajifungia zipu, kisha akaamuru wapagazi wammwagie maji kwa ndoo. Tone moja likiingia kwenye chai, hema hilo haliendi mlimani. Wapagazi waliipenda kazi hiyo kuliko mshahara. Walizidi kumwaga hata baada ya yeye kupiga kelele kuwa yatosha.

"Nimesema basi! Hamna masikio?"

"Hatukusikia, mama. Mvua ilikuwa kubwa."

"Mvua ipi, mjinga wewe?"

"Hii tuliyokuwa tunaimwaga."

Mikanda ya mashanta aliipima kwa kuining'inia mwenyewe kwenye boriti ya ghala, na kwa vile mwili alijaliwa, mkanda uliomstahimili Mama Zipu ulikuwa umehitimu. Buti alizivaa kwenda nazo bombani, mguu mmoja buti la kukodisha, mguu wa pili ndara yake, ili miguu yenyewe ibishane. Mfuko wa kulalia aliuingiza kichwa kwanza, akavuta pumzi, akatoka na habari za mtu aliyeulalia mwisho. "Huyu alikula vitunguu," atasema, "na alikuwa na mawazo." Kisha anaupeleka juani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo: ofisi mbele yenye mlango wa kioo, ghala nyuma, ua wa saruji katikati. Iliwapeleka watu mlimani na kuwakodisha vitu vya kupandia. Mlima ulionekana kutoka uani, siku ambazo mawingu yalikubali.

Kulikuwa na desturi moja hapo, na desturi hiyo ilikuwa yake. Iliitwa kumwaga. Kabla ya kila safari, kila anayepanda, mteja au mpishi au kiongozi, alilimwaga shanta lake lote juu ya turubai uani, mbele ya macho ya watu. Mama Zipu alipita katikati ya vitu hivyo na fimbo ya kutembelea iliyovunjika ncha, akagusa kimoja kimoja na kuuliza: "Ukikikosa hiki mlimani, utakufa, utaumwa, au utalalamika?" Anayejibu kwamba atalalamika, kitu chake kinaingia guniani na kumngojea arudi.

Aliwahi kumkuta mwalimu na pasi ya umeme. "Utaichomeka wapi, mwalimu? Kwenye wingu?" Aliwahi kumkuta bwana harusi na mto wa kitandani wenye marinda. Bwana mmoja nadhifu alikumbatia kioo cha ukutani, akaapa kwamba bila kujiona ataumwa. Mama Zipu akamtazama, akaona kweli ataumwa, akampa kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa.

Baada ya hapo shanta lilining'inizwa kwenye mizani mlangoni pa ghala. Likizidi alama, mwenyewe alipewa muda wa chai: sufuria ya chai iliwekwa jikoni, naye akaachiwa kupunguza mpaka ichemke. Chai ikichemka na shanta bado zito, mtu abaki ainywe hiyo chai. Aliyepita alifungwa uzi mwekundu kwenye mkanda, na pasipo uzi mwekundu hapakuwa na kupanda lori. Mkurugenzi aliwasifia wateja desturi hiyo kama vile aliiota yeye.

Na huyo Mkurugenzi ndiye aliyekuwa mume wa Mama Zipu.

Walianza pamoja, hema moja, ambalo Mama Zipu alilishona kwa turubai la lori. Mume alipanda na wateja. Mke alishona, alifua, alianika mahema juu ya kitanda cha watoto, nao wakakua wakidhani nyumba zote hunuka moshi wa kambi. Kila mwaka mke aliomba naye apande. Mume alisema mtoto aache kunyonya kwanza. Akaacha. Akasema aanze shule kwanza. Akaanza. Watoto wakamaliza shule, wakaoa na kuolewa, na mlima ungali palepale, na yeye angali chini yake na sindano mkononi.

Katika kungoja huko alijishonea koti. Alilishona kwa mabaki ya vitambaa bora, rangi ya buluu iliyokolea, kila mshono mara mbili, akaipaka mishono nta ya mshumaa mpaka maji yakawa yanateleza juu yake. Akaliacha pana, na ndani akabakiza pindo la kuachia, kwa sababu alijua mwili hauna mpango wa kupungua. Kofia ya koti aliikunja ndani ya kola, akaifunga kwa fundo la mizunguko mitatu alilofundishwa na marehemu baba yake, mshona magunia. Fundo hilo hufunguliwa na anayelijua, au hukatwa. Akajiapiza kwamba atalifungua kileleni, upepo ukimpiga masikio, na si mahali pengine.

Koti likakaa kwenye msumari. Asubuhi moja msumari ukawa mtupu. Mume alikuwa amepanda mlima na msichana wa mapokezi, "kumwonyesha kazi". Waliporudi, msichana alikuwa mke, akiitwa Madamu, koti lilikuwa mabegani mwake, na baada ya muda mfupi picha ikatundikwa ofisini: Madamu juu ya mwamba, mikono angani, nywele zikipepea, koti la buluu likimvuka magoti. Chini yake waliandika: Mwanzilishi Mwenza Kileleni.

"Mwanzilishi wa nini?" Mama Zipu alimwuliza kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengi ambao hawakuwa tayari. "Nilipokuwa nalishona hema la kwanza, yeye alikuwa anashonewa sare ya darasa la kwanza!"

Talaka ilitoka. Kazi ilibaki, maana hakuna mwingine aliyeweza kuifanya. Watu walimshauri aondoke, akatafute amani. Alikataa. Angeondoka, amani angewaachia wao. Akabaki ghalani, akiwapa salamu ya asubuhi kwa sauti iliyomfanya Mkurugenzi aikoroge chai yake hata kama haina sukari.

Mtu aliyempenda bila kumwogopa ni kiongozi wa safari, bwana mrefu aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa njia nzima neno lake lilikuwa hilo. Taratibu alikuwa mkweli kwa kila jambo isipokuwa moja: akiulizwa habari za safari ile ya picha, ambayo aliiongoza, alishikwa na kikohozi.

Basi ikatokea kwamba mpishi wa kambi, mtu aliyepanda na kushuka mlima ujana wake wote, aliteguka kifundo cha mguu akishuka kitandani. Na safari iliyokuwa mbele ilikuwa ya walimu wanawake wastaafu, kundi zima, nao walitaka mwanamke mmoja katika watumishi. Taratibu akaingia ofisini, Mama Zipu akaingia nyuma yake, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Mama Zipu apande," akasema Taratibu. "Anapika, anashona, na walimu watapata mtu wa kubishana naye."

Mkurugenzi alicheka mpaka kiti kikalia. "Huyu? Mama watoto, wewe utapanda na cherehani?"

"Nitapanda na miguu, Mkurugenzi. Ile uliyoniachia."

"Umri huo?"

"Umri huu niliupata hapahapa nikikungoja uniruhusu."

Madamu, aliyekuwa mezani kwake akipaka kucha rangi, alisema bila kuinua macho, "Lakini, dada, kuna desturi. Mwenye kupima hawezi kulipima shanta lake."

"Hakika!" Mkurugenzi akadaka. "Atakupima Madamu. Ukipita, panda. Usipopita, sitaki kusikia tena habari za mlima mpaka nizikwe."

"Hilo la mwisho nalikubali haraka," akasema Mama Zipu. Akatoka.

Alijua hatapata nafasi nyingine. Taratibu mwenyewe alikuwa akisema atastaafu, na kiongozi mwingine yeyote asingelitaja jina lake.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, kikongwe mwenye meno machache na maneno mengi. Bibi huyo alikaa kitandani akamtazama bintiye akifungasha, na kadiri alivyotazama ndivyo macho yalivyomtoka.

"Mwanangu, unapanda mlima au unahama?"

"Najiandaa, mama."

"Buti jozi mbili. Una miguu mingapi nisiyoijua?"

"Buti hizi soli hubanduka mbele. Hizi hubanduka nyuma. Sijui zitaanza zipi."

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, na hakuna mwingine angeweza kuwa nalo. Mtu wa kawaida hutazama tochi akaona tochi. Mama Zipu alipotazama tochi aliona swichi ilivyomwangusha mteja mmoja gizani. Hakuna kitu ghalani ambacho hakuwahi kukiona kikirudi kimevunjika, kimechanika au kimeungua, na kila kimoja alimjua aliyelia nacho. Kwa hiyo akachukua tochi mbili na mishumaa. Akachukua jiko na jiko la kulisaidia. Akachukua mfuko wa kulalia na blanketi, pengine zipu ikwame. Zipu za akiba, soli za akiba, gundi, waya, nguzo ya hema, na sindano kubwa ya magunia kama mfupa wa kuku. Makoti ya mvua alichukua matatu: moja lilivuja begani, la pili kwapani, la tatu kisogoni. Alikuwa amefanya hesabu kwamba akiyavaa yote kwa pamoja, tone halitapata njia.

"Vaa nikuone," akasema mama yake.

Akayavaa. Mikono ikasimama pembeni kama ya sanamu la shambani. Alijaribu kuinama, akashindwa. Akajaribu kukaa, kiti kikamkataa.

"Hapo mvua haitaingia," akasema bibi. "Wala wewe hutatoka. Mwanangu, kwa nini kila kitu viwili viwili?"

Mama Zipu akahema ndani ya makoti yake. "Mama, nilikuwa na mume mmoja, bila wa akiba. Uliona kilichonipata."

Bibi aliziba mdomo kwa kanga. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akapaliwa, na bintiye hakuweza kumpiga mgongoni kwa sababu mkono haukukunjika.

Siku ya kumwaga walimu wastaafu walifika mapema, wamepanga foleni bila kuambiwa. Aliyewaongoza ni mwalimu mkuu wa zamani, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni ambayo hakuivua hata alipostaafu. Mama Zipu aliwapima kwanza wao, bila huruma. Gunia likajaa: vitambaa vya meza, mwavuli wa harusini, redio mbili zilizokuwa zikigombania kituo. Mwalimu mkuu alitetea kengele yake ya shule.

"Utakufa?" akauliza Mama Zipu.

"Sifi."

"Utaumwa?"

"Siumwi. Lakini nitalalamika, tena sana."

"Guniani."

Walimu wakacheka, mkuu wao akainamisha kichwa kama mtoto aliyefinywa sikio. Uzi mwekundu ukafungwa kwa wote. Likabaki shanta moja, limesimama ukutani kama mtu mzima, na hakuna aliyeuliza la nani.

Madamu alitoka ofisini kwa mwendo wa kupigwa picha. Asubuhi ilikuwa na baridi, naye alikuwa amelivaa koti la buluu. Kwa kuwa lilikuwa pana mno, alilibana mgongoni kwa pini. Mama Zipu aliliona, akameza mate machungu, akasema, "Karibu, bi mdogo. Usiogope, shanta halina meno."

Ilibidi wapagazi wawili waliinue ili limwagike. Vilianza kutoka vitu, na vikaendelea kutoka. Watu walianza kwa kutabasamu. Jiko la pili lilipotoka wakaanza kuguna. Nguzo ya hema ilipotoka mwalimu mmoja akaketi chini. Makoti matatu ya mvua yalipotoka kwa pamoja, moja ndani ya jingine, tayari kuvaliwa, ua mzima ulilipuka, na Mkurugenzi akajishika kwenye nguzo ya kuanikia.

"Mnaona?" akasema huku akijifuta machozi. "Huyu ndiye mpimaji! Huyu ndiye anayewanyang'anya watu pasi zao!"

Shanta likarudishiwa vitu na kuning'inizwa. Mshale wa mizani ulikwenda mpaka ulipoishia, ukagonga chuma, ukabaki hapo ukitetemeka.

"Hapiti," akasema Madamu.

Mama Zipu alihisi saruji ikimkimbia miguuni. Miaka yote aliiona hali hiyo kwenye nyuso za wengine, akidhani ni uzembe wao.

"Bado muda wa chai," akasema Taratibu.

"Muda wa chai wa nini?" Mkurugenzi akang'aka.

"Desturi ni desturi, mzee. Wewe mwenyewe huwasifia wateja." Walimu wote wakaitikia kwamba ndiyo, alikuwa ametoka kuwasifia.

Chai ikawekwa jikoni. Mama Zipu akageuka kutazama, akaona kitu kilichomfanya atake kuwabusu wapagazi, tena wote, tena mbele ya watu. Walikuwa wameiweka sufuria juu ya jiko ambalo yeye alilikataa juzi, lile lenye tundu lililoziba, linalotoa mwali mdogo kama wa kiberiti kilicholowa. Ni wajibu wake kupiga kelele likionekana jiko hilo. Akafunga mdomo.

Akapiga magoti kwenye turubai. Akashika jozi moja ya buti, akashika nyingine. Mikono ikakataa kuchagua. Hizi mbele, hizi nyuma. Hapo mwalimu mkuu akapuliza filimbi, akaiokota fimbo iliyovunjika ncha, akaligusa buti.

"Ukilikosa hili mlimani, utakufa?"

Mama Zipu akamtazama kwa hasira. "Sifi."

"Utaumwa?"

"Siumwi."

"Utalalamika?"

"Nitalalamika!"

"Lini hukulalamika?" sauti ya mpagazi ikatoka nyuma, na kicheko kikazunguka ua. Buti likaingia guniani.

Jiko la pili. "Utakufa?" Sasa waliuliza wote, kwa pamoja, kama darasa. "Sifi!" "Utaumwa?" "Siumwi!" "Utala—" "Lichukueni!" Blanketi likaenda. Nguzo ya hema ikaenda. Zipu za akiba alizitupa mwenyewe kabla ya kuulizwa, na alipozitupa alishangaa kuona anacheka.

"Chai hiyo bado?" Mkurugenzi akapaza sauti.

"Jiko hili, mzee," mpagazi akajibu kwa huzuni nyingi, "Mama Zipu alisema bovu, sisi tukampuuza. Kumbe!"

Shanta likaning'inizwa tena. Mshale ukashuka, ukashuka, ukasimama juu kidogo ya alama. Kilichobaki kuzidi ni makoti matatu ya mvua.

"Acha mawili," akasema mwalimu mkuu.

Mama Zipu akatikisa kichwa. "Kila moja linavuja. Nikibaki na moja, nitalowa, na kule juu nikilowa nitaumwa." Sauti ilimshuka. Hapo alikuwa amejikamata mwenyewe. Aliwahi kumrudisha nyumbani mteja aliyelia kwa magoti, kwa sababu ya koti lililovuja mshono mmoja. Taratibu alijua, na akatazama pembeni.

"Basi ameshindwa," akasema Madamu, akainama kuyatazama makoti yale kwa karibu. Alipoinama, kola ya koti la buluu ilikuja mbele ya pua ya Mama Zipu.

Fundo lilikuwepo. Mizunguko mitatu, ncha ya uzi imelala kushoto, kama baba yake alivyomfundisha. Halikuwa limefunguliwa hata siku moja. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kileleni asizungumze habari ya upepo wa kule, unaokata masikio. Hakuna aliyesimama kule bila kofia. Na nywele za Madamu pichani zilikuwa zikipepea kwa madaha, kama za mtu aliye kwenye kiupepo cha saa tatu asubuhi.

Ulimi wa Mama Zipu ulimwasha. Ua mzima ulikuwa unamtazama. Neno moja tu, kwa sauti, na picha ile ingeshuka ukutani pamoja na msumari wake, na Mkurugenzi angecheka tena labda mwakani. Lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akikaa na ushindi huo, koti lingebaki mabegani mwa mwenzake, na yeye angebaki chini ya mlima akihadithia.

Akalimeza. Lilikuwa na ukubwa wa kiazi kizima.

"Bi mdogo," akanong'ona, "kofia ya hilo koti haijawahi kufunguliwa."

Madamu akaganda hivyohivyo alivyoinama. Rangi ya mdomo ilibaki, uso ukamwondoka.

"Fundo ni langu," Mama Zipu akaendelea, midomo haimchezi. "Kilele gani hicho mlichofika?"

Madamu akajibu, naye kwa mnong'ono: "Kambi ya pili, dada. Alinisimamisha juu ya jiwe, akapiga picha kutoka chini."

"Naye alifika?"

"Naye? Alikuwa anatapika nyuma ya jiwe hilohilo. Ilibidi angoje kutapika kuishe ndipo apige picha."

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza Mama Zipu aliona kwamba binti huyu alikuwa na makunyanzi madogo pembeni ya macho, ya mtu aliyeketi miaka chini ya picha ya uongo akijibu maswali ya wateja. Hakumhurumia. Lakini alijua mtu wa kuomba kitu anaonekanaje, na wa kutoa kitu anaonekanaje.

"Nipe koti langu," akasema, "na mimi sijaona fundo."

Madamu akasimama wima, akajichomoa pini mgongoni. "Chukua, dada," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Siku zote limekuwa kubwa kwangu."

"Unafanya nini?" Mkurugenzi akauliza. "Madamu! Hilo ni koti la kampuni! Lipo kwenye picha!"

"Ukitaka tuizungumze picha," akasema Madamu, "tuizungumze hapahapa."

Mkurugenzi akafungua mdomo. Taratibu akashikwa na kikohozi, kirefu, cha kutoka chini kabisa. Mkurugenzi akamtazama Taratibu, akamtazama mkewe, akaufunga mdomo, akakumbuka kwamba kuna simu ofisini.

Mama Zipu alilivaa koti. Mwili ulikuwa umeongezeka tangu siku zile, kama alivyotarajia, na koti lilikuwa limemngojea: alichana uzi mmoja wa ndani, pindo likaachia, likamkaa kama limeshonwa jana. Makoti matatu ya mvua yakaenda guniani. Shanta likaning'inizwa. Mshale ukatua kwenye alama, na nyuma yake sufuria, baada ya kusitasita sana, ikatoa mapovu.

Madamu akamfunga uzi mwekundu. Alifunga vibaya, kama mtu anayefunga kamba ya viatu gizani. Mama Zipu alivumilia mpaka kwenye lori, ndipo akaufungua na kuufunga upya.

Alilalamika njia nzima. Alilalamikia mteremko, akalalamikia mpando, akalalamikia mawe na aliyeyapanga. Buti lilibanduka nyuma, kama alivyotabiri. Akalishona kwa sindano ya magunia, akalilalamikia huku akitembea. Tochi yake moja ilikataa kuwaka, na mwalimu mkuu akamshika mkono akamulika yake, ndipo Mama Zipu alipogundua kwamba akiba nyingine hutembea kwa miguu yake yenyewe. Hakulisema. Alilalamika kwamba tochi ile inamwingia machoni.

Walimu walioshindwa waliachwa kambini wakicheza karata. Waliobaki walikwenda hatua kwa hatua, Taratibu mbele akisema neno lake, mpaka ardhi ikakosa mahali pengine pa kupanda. Upepo ulikuwa kama walivyousema. Ulimshika masikio yote mawili kama mwalimu mwenye ghadhabu.

Akapeleka mikono kolani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Fundo halikutaka. Alivuta, akakwaruza, akauma kwa meno, machozi yakimtoka na kuganda, wenzake wakimngojea ndani ya kofia zao.

"Nani mshenzi aliyelifunga fundo hili?" akapiga kelele kwenye upepo. "Hakuwa na kazi? Alidhani nitakuwa na vidole vya chuma?"

"Taratibu," akasema Taratibu.

Mzunguko wa kwanza ukaachia. Wa pili. Wa tatu ukamtoka wenyewe, kofia ikafunguka, ikiwa na harufu ya nta ya mshumaa, ya nyumba ile ya zamani. Akaivaa, akaivuta, na kelele zote za upepo zikawa mbali.

Picha ilipigwa, kwa kamera ya mwalimu mkuu. Siku hizi imetundikwa ofisini, mahali pa ile nyingine, ambayo iliondoka ukutani bila mtu kusema kitu. Wateja huisogelea wakashindwa kuelewa: koti la buluu limesimama kwenye ukungu, kofia imeshuka, ndani ya kofia ni ncha ya pua.

"Huyu ni nani?" huuliza.

"Ni mimi," hujibu Mama Zipu kutoka mlango wa nyuma, kwa maana bado husikiliza mlangoni. "Kama huamini, angalia mshono. Haya, shanta lako liko wapi? Mwaga."